Bili ya Jino Huandikwa Kwenye Faili

Bili ya jino hugombaniwa dirishani kwa karani, lakini ugomvi wenyewe huwa umeshazaliwa kitini. Mgonjwa aliingia akijua anakwenda kung'olewa jino. Anatoka na karatasi yenye neno "upasuaji", bei imepanda mara mbili au tatu, na shavu bado lina ganzi hata maneno hayamtoki sawasawa. Karani hana jibu la kumpa, maana yeye amesoma tu alichoandikiwa. Jibu limo katika mistari michache ambayo daktari aliiandika kwenye faili baada ya kuvua glavu. Mistari hiyo ndiyo inayoamua nani alipe nini, awe mgonjwa, kampuni ya bima au serikali, na ndiyo inayostahili kuchambuliwa kabla hatujamlaumu mtu yeyote.

Tumtazame kwanza anayeketi kitini. Kata ya Junda iko Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, ikiegemea hori ya Tudor. Wengi wa wakazi wake wanakula walichochuma siku ile: vibarua, wavuvi, mafundi, madereva wa tuktuk na bodaboda, akina mama wa mahamri na viazi karai. Jino likianza kuuma, la kwanza ni karafuu, la pili ni vidonge vya duka la dawa. Maumivu yakitulia, wiki zinapita. Yakirudi na shavu limevimba, ndipo safari inapoanza: zahanati, au kliniki ya binafsi upande wa Mishomoroni, Bamburi au Nyali, au kuvuka daraja hadi Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani kisiwani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 uliwakuta asilimia 34.3 ya watu wazima wa Kenya wana meno yaliyooza, na asilimia 98.1 wana fizi zinazotoka damu. Wanaojaza viti vya kung'olea ni wale waliongoja.

Kungoja huko kuna bei yake. Jino lililoachwa miezi huliwa kichwa chote, na koleo likikosa pa kushika, kinachobaki ni mizizi iliyozama kwenye mfupa. Jino ambalo mwaka jana lingetoka kwa dakika chache sasa linataka ufizi ufunguliwe, mfupa upunguzwe, mzizi ugawanywe vipande na kidonda kishonwe. Mgonjwa akiona "upasuaji" kwenye bili hudhani ameongezewa neno ili alipe zaidi. Mara nyingi neno ni la haki. Mara nyingine si la haki. Kutenganisha hayo mawili kunataka kipimo, na kipimo kipo.

Orodha yenye maelezo ya wazi kuliko zote katika jambo hili ni ile ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, iitwayo CDT, iliyotolewa mara ya kwanza 1969. Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliiteua kuwa orodha rasmi ya madai ya meno yanayotumwa kwa kompyuta. Kliniki ya Kisauni hailazimiki kuitumia, lakini mantiki yake inafaa popote penye koleo na sindano ya ganzi. Upasuaji wa kinywa umo katika misimbo ya D7000 hadi D7999. D7140 ni kung'oa jino lililoota, au mzizi ulio wazi, kwa vyuma vya kawaida. D7210 ni jino lililoota ambalo limehitaji mfupa kuondolewa, au lenyewe kukatwa vipande. Hapo ndipo mpaka ulipo. Kufungua ufizi peke yake hakutoshi, nyuzi peke yake hazitoshi, na saa nzima ya kuhangaika na jino gumu haitoshi. Kama mfupa haukuguswa na jino halikugawanywa, kazi ni kung'oa kwa kawaida hata kama daktari ametoka jasho.

Magego ya mwisho, yale yanayokuja ukubwani na kukwama, yana ngazi zake. D7220 ni gego lililofunikwa na nyama ya ufizi tu. D7230 ni lile ambalo sehemu yake imefunikwa na mfupa, D7240 ni lililozama lote au karibu lote ndani ya mfupa, na D7241 ni kama hilo likiwa na matatizo yasiyo ya kawaida, kwa mfano kukaribia mno mshipa wa fahamu wa taya la chini. Ngazi hizi zinapimwa kwa mahali jino lilipolala, na shahidi wa mahali hapo ni picha ya eksirei. Picha kubwa ya taya zote mbili huonyesha kila kitu, ila si kila kliniki ndogo ya bara ina mashine yake, na mgonjwa hutumwa kwingine na kulipa kando. Wengi huona gharama hiyo ni ya bure. Mimi naona ndiyo pesa inayomlinda mgonjwa kuliko yote atakayotoa siku hiyo, kwa sababu bila picha hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kama gego lilikuwa chini ya mfupa au chini ya nyama, na tofauti ya bei kati ya hayo mawili si ndogo.

Kuna jambo ambalo hata makarani wazoefu hulichanganya. Msimbo wa kazi hueleza kilichofanywa, na msimbo wa ugonjwa hueleza kwa nini kilifanywa. Ule wa ugonjwa hutoka katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD. Toleo lake la 11 lilianza kutumika 1 Januari 2022, ingawa la 10 bado limezoeleka sana. Katika toleo hilo la 10, K01.1 ni jino lililokwama, K08.3 ni mzizi uliobaki, K04.7 ni jipu kwenye ncha ya mzizi. Dai linalosema "jino limeoza" upande wa ugonjwa na "mfupa umeondolewa" upande wa kazi halina uongo, lakini halijitoshelezi. Msomaji wa bima akiwa ofisini mwake Nairobi atauliza: jino lililooza tu, mfupa umeondolewa kwa nini? Daktari akiwa ameandika kwamba kichwa cha jino kilikuwa kimekwisha na mizizi imepinda, swali limejibiwa kabla halijaulizwa. Akiwa ameandika "jino limeng'olewa, mgonjwa yu salama", dai linarudi.

Nambari ya jino nayo si jambo dogo. Kenya, kama nchi nyingi, hufuata mfumo wa tarakimu mbili uliopitishwa na shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno, FDI: tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino katika robo hiyo. Gego la mwisho la chini kushoto ni 38. Wamarekani huhesabu moja kwa moja kutoka 1 hadi 32, na kwao gego hilohilo ni 17. Kwa mfumo wetu 17 ni gego la pili la juu kulia. Fomu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja ikijazwa kwa mwingine, bima inaona jino tofauti kabisa limetolewa, na miaka miwili baadaye jino hilo likihitaji kuzibwa kompyuta itasema halipo kinywani. Dawa yake ni kuandika nambari pamoja na maneno: gego la mwisho, chini, kushoto.

Sasa tuje kwenye kugawanya bili, ambako kuna hila nyingi. Kwa maelezo ya CDT, D7140 tayari ina ndani yake kulainisha kidogo mfupa wa shimo na kushona ikibidi. D7210 ina ndani yake kukata ufizi na mfupa, kulainisha na kushona. Sindano ya ganzi kwa desturi huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Kwa hiyo bili inayosema upasuaji wa jino, kisha ganzi, kisha kufungua ufizi, kisha nyuzi, kisha kulainisha mfupa, imemtoza mgonjwa kazi moja mara kadhaa. Vivyo hivyo kwa mzizi. Kutoa mzizi uliobaki kuna msimbo wake, D7250, lakini umekusudiwa mzizi wa zamani. Jino likivunjika leo mkononi mwa daktari na akautafuta mzizi dakika ileile, hiyo bado ni kazi moja ya jino moja. Haifai kudai kung'oa na kutoa mzizi pamoja.

Kwa upande mwingine, kliniki ina haki ya kusema bei yake ya jumla imepandishwa na vitu ambavyo mgonjwa havioni: mashine ya kuchemshia vyuma, umeme, vichwa vya kukatia mfupa, kodi ya nyumba, leseni. Vitu hivyo vipo na vinagharimu. Lakini mahali pake ni ndani ya bei ya kazi, iliyotajwa mapema. Kuvitapanya kwenye mistari ya bili kama huduma za mgonjwa ni kumvuruga tu.

Palipo na uchungu zaidi ni pale kazi inapobadilika katikati. Daktari amemwambia mgonjwa ni kung'oa, ameanza, jino limekatika usawa wa ufizi. Hapo hawezi kuacha. Anafungua ufizi, anakata mfupa, anamaliza vizuri. Kisha dirishani:

"Daktari, si uliniambia ni kung'oa tu?"

"Mama, jino lilivunjika, ikabidi nikupasue."

Wote wawili wanasema kweli. Msimbo hufuata kilichofanywa, haufuati kilichopangwa, kwa hiyo daktari akiandika upasuaji hajadanganya. Na mama aliyekuja na pesa za kung'oa, amekopa nauli, hajakosea kukasirika. Kilichokosekana ni maneno ya dakika moja kabla ya sindano. Daktari aliyeona jino limeliwa kiasi hicho alijua linaweza kuvunjika. Alitakiwa aseme: likitoka zima ni bei hii, likivunjika nikalazimika kukata mfupa ni bei hii, na nikiona halitoki hapa nitakutuma kwingine. Hayo ni zaidi ya adabu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 kinampa mgonjwa haki ya kuelezwa njia za tiba zilizopo pamoja na faida, hatari na gharama za kila njia, na kinataka aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Gharama imetajwa humo pamoja na hatari, kwa uzito mmoja. Naamini kliniki nyingi zinazokazana kupata sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya ridhaa zimelisahau neno hilo.

Kwa mwenye bima ya kazini, mabadiliko ya katikati yana mtego wa pili. Bima nyingi huweka kiwango cha meno kando na matibabu mengine, na kazi kubwa huhitaji idhini kabla haijaanza. Kliniki imeomba idhini ya kung'oa, imepewa, kisha imedai upasuaji. Kompyuta ya bima inalinganisha na kukataa, au inalipa bei ya kung'oa na kuacha pengo. Pengo hilo kliniki humwangushia mgonjwa. Kliniki makini hupiga simu au kutuma ombi la nyongeza siku hiyohiyo, na picha mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na maelezo ya kwa nini. Kazi hiyo inachosha, na kliniki yenye daktari mmoja na karani mmoja haina mtu wa kuifanya siku nzima. Ndiyo maana baadhi huona heri kupokea M-Pesa na kuachana na bima kabisa.

Mpaka mwingine ni kati ya meno na hospitali. Gego lililokwama likitolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi katika chumba cha upasuaji, je, ni la kiwango cha meno au cha kulazwa? Mikataba ya bima hutofautiana, na tofauti hiyo inaweza kuwa makumi ya maelfu ya shilingi. Marekani mpaka huu umechorwa kwa sheria: Medicare, bima ya wazee iliyoanzishwa 1965, kwa kawaida hailipi kazi za meno isipokuwa zinapofungamana na tiba nyingine inayolipiwa. Kwetu mfano wa wazi zaidi wa mpaka huo ni ajali. Kijana wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Mishomoroni na kuvunjika taya la chini, S02.6 kwa ICD-10, hana tatizo la meno kwa maana ya bima. Ana jeraha la mfupa wa uso. Kumfunga taya kwa waya au kumwekea bamba na skrubu ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Faili yake ikiandikwa kwa haraka "meno yamelegea, yamefungwa waya", anaweza kutupwa kwenye kiwango cha meno ambacho hakitoshi hata robo ya gharama, na pengo hilo litabaki kwa familia yake.

Halafu kuna SHA. Mamlaka hii ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa nguvu ya sheria ya 2023. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Anayejiajiri hupimwa uwezo wa nyumba yake kisha hupangiwa mchango. Mama wa viazi karai aliyejiandikisha kwa *147# ana haki ya kujua mchango huo unamfikisha wapi kitini. Jibu linategemea ngazi ya kituo, mkataba wa kituo na mamlaka, na kama kazi ile imo kwenye orodha ya huduma. NHIF ilizigawa operesheni katika ndogo, kubwa na za kibingwa, mafungu mapana mno kiasi kwamba mzizi wa jino na jipu la taya vingeweza kukaa fungu moja. Fungu pana humwonea mgonjwa mwenye kazi ndogo, na humvutia mtoa huduma kusukuma kazi ndogo iingie kubwa.

Kishawishi hicho si cha kubuni. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa nchini kwa tuhuma za madai ya uongo, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa hadharani ni kudai huduma zisizotolewa, kumwandika mtu aliyetibiwa na kurudi nyumbani kana kwamba alilazwa, na kuipandisha kazi ndogo cheo kwenye dai. Katika kinywa, kupandisha cheo ni rahisi kuliko popote. Jeraha la shimo la jino hupona ndani ya wiki chache na ushahidi unafutika. Jino lenyewe limetupwa. Mgonjwa alikuwa amefumba macho. Palipo na uficho wa namna hiyo, mwaminifu na mwizi huonekana sawa mbele ya mkaguzi, isipokuwa mmoja wao ana picha na maelezo. Daktari mwaminifu wa Kisauni anayeandika kwa mkato anajinyima kinga yake mwenyewe. Tusisahau pia kwamba bima nazo hushusha: dai halali la D7230 likalipwa kama D7220 kwa sababu mtu wa ofisini hakuisoma picha. Daktari akikosa muda wa kupinga, hasara inahamia bei ya mgonjwa anayefuata.

Anayefanya kazi pia huathiri msimbo. Maofisa wa afya ya kinywa wa jamii ndio wanaoshika koleo katika vituo vingi vya umma, na wametuondolea maumivu mengi. Mipaka ya kazi yao ni kung'oa kwa kawaida, kuziba na kusafisha. Upasuaji wa kukata mfupa ni wa daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na magumu zaidi ni ya bingwa. Bili yenye neno upasuaji inapaswa kubeba jina la mwenye leseni ya kuufanya.

Nini kifanyike? Tanzania imetupa mfano, pamoja na makovu yake. Mfuko wao wa bima ya afya, uliotokana na sheria ya 1999, una orodha moja ya huduma na bei, kitita cha mafao, na kila anayehusika anaijua kwa jina hilo. Kitita kipya kilipoanza 1 Machi 2024, hospitali nyingi za binafsi zililalamika bei zimeshuka na baadhi zilisitisha kuwahudumia wanachama. Wagonjwa waliumia siku zile, na silichukulii jambo hilo kwa wepesi. Lakini mgogoro ulikuwa wa orodha iliyo mezani, na kila upande uliweza kutaja mstari unaoulalamikia. Kwetu kila kampuni ya bima hukubaliana na kila kliniki bei zake kwa siri ya mkataba, na anayelipa taslimu hana orodha yoyote ya kulinganisha. Kanuni za ada za madaktari na madaktari wa meno za 2016 ziliweka viwango vya chini na vya juu. Ni wangapi wa Junda waliowahi kuona kanuni hizo zimebandikwa ukutani, kwa Kiswahili?

Ninachokitaka ni orodha ya kazi za upasuaji wa kinywa, hata zikiwa ishirini tu, iliyokubaliwa na KMPDC, chama cha madaktari wa meno, SHA na kampuni za bima, kila kazi ikielezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili inayosema kilichomo ndani yake na kisichomo. Bei ziachwe zitofautiane kati ya Nyali na Junda, maana kodi za nyumba hazilingani. Maelezo ya kazi yasitofautiane. Na bili ya kila mgonjwa iwe na jino gani, kazi gani, mfupa uliguswa au la, nani aliyefanya. Kwenye stakabadhi ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi, mna nafasi ya maelezo ya huduma. Ijazwe kikamilifu badala ya neno "dental" peke yake. Na kwa kuwa huduma za meno zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, mstari wa VAT ukionekana juu ya kung'olewa jino, mgonjwa aulizie.

Limebaki jambo la siku za baadaye, ambalo hata kliniki nzuri hulinyamazia. Siku ya tatu shimo la jino linaweza kukauka na kuuma kuliko jino lenyewe, K10.3 kwa ICD-10, na mgonjwa akarudi kusafishwa na kuwekewa dawa. Kutoa nyuzi na kukagua kidonda kwa kawaida huwa ndani ya bei ya upasuaji. Shimo lililokauka kliniki zingine hulitibu bure na zingine hulitoza upya. Mgonjwa wa Junda anayekatwa mapato ya siku nzima kila anapopanda matatu kurudi kliniki anahitaji kuambiwa hilo mwanzoni, pamoja na bei ya jino, kabla ya sindano ya ganzi.